Ziwa likirudi nyuma, ufuo utakuwa wa nani?

Siku ya Mungu, ibada zikiisha, vijana wa Luberizi na Sange wanapanda pikipiki, wawili wawili, wengine watatu, wanateremka barabara namba 5. Wanapita Runingu, wanaacha njia ya Kiliba pembeni, wanafika Kavimvira, halafu Uvira. Wanaenda ku ziwa. Hawaendi kuvua wala kuchota maji. Wanaenda kukaa, kula mukeke wa kuchoma, kuoga kidogo, kupiga picha na kusikiliza muziki. Zamani mtu wa bonde la Ruzizi akisema «plaji», alikuwa anawaza kwanza Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, kule Saga Plage ambako wenye pesa walikwenda. Siku hizi kumbe plaji iko upande huu pia.

Furaha hiyo si ya kuchekwa. Mu eneo ambamo redio imejaa habari za makundi ya silaha, za wakimbizi na za mafuriko, kuona watu wanacheka kando ya maji ni habari njema. Mwenye buveti anaajiri wahudumu, mchoma samaki, mlinzi na fundi wa muziki. Motari anapata safari ya kwenda na ya kurudi. Mama muuza mukeke anapata bei ambayo sokoni asingeipata. Tena pesa hiyo inakuja haraka, franka mkononi, bila kungoja mavuno wala mshahara wa leta.

Shida inaanza chini ya kiti cha plastiki. Kile kiti kimewekwa juu ya mchanga, na ule mchanga ulikuwa na kazi nyingine kabla hakijafika.

Mchanga wenye kazi nyingi

Mtu anayetoka mbali anaona ufuo mtupu. Mwenyeji wa Kalundu au wa Mulongwe anaona mahali pa kazi. Alfajiri pirogi na boti zinatua na ndagala za usiku. Ndagala hawangoji: wasipouzwa wabichi, lazima waanikwe jua likiwa bado linapanda, la sivyo wanaharibika. Kwa hiyo bamama wanahitaji mahali pakavu, penye jua, karibu na pirogi. Pembeni wengine wanafua nguo. Watoto wanachota maji kwa bido za njano. Mafundi wanaziba boti iliyopasuka. Siku nyingine wachungaji wanateremka na waumini kwa ubatizo. Hakuna aliyelipa kwa hayo, na hakuna aliyeandika mahali popote kwamba ana haki ya kuyafanya. Wazee walifanya hivyo, watoto wakaendelea.

Halafu inakuja miti ya kuzungushia. Kwanza ni kivuli cha nyasi na meza nne. Mwaka unaofuata ni ukuta mfupi wa matofali, juu ya «usalama wa wateja». Baadaye ni mlango, na kijana amesimama mlangoni. Mwenye buveti si mtu mbaya. Ameweka pesa yake, anataka mteja wake akae bila harufu ya samaki na bila mtoto wa kuomba. Mteja naye ndivyo anavyotaka. Hakuna siku hata moja ambapo mtu alitangaza: kuanzia leo ufuo umefungwa. Kila mmoja amechukua mita zake ishirini tu. Lakini mama wa ndagala, akihesabu parsele kumi za namna hiyo zilizopangana, anajikuta anaanika samaki kando ya barabara, kwenye vumbi na moshi wa malori. Bei ya ndagala wenye vumbi kila mtu anaijua.

Na kuna jambo la maji ya kunywa. Uvira ni mji ambao kolera haijawahi kuhama kabisa. Madaktari wameuandika kwa miaka mingi kati ya miji ambamo ugonjwa huo unarudi kila mara. Pale bomba la Regideso lisipotoa, watu wanakwenda ziwani au mtoni. Njia ya kwenda ziwani ikizibwa na kuta, watu hawaachi kuchota. Wanasongamana kwenye njia chache zilizobaki, palepale ambapo mitaro inamwaga na ambapo vyoo vya haraka vya mabuveti vimechimbwa kwenye mchanga unaopitisha maji. Anayekunywa bia baridi Jumapili na anayechota bido Jumatatu wanatumia ziwa lilelile.

Maji yalikuja kuchukua parsele

Hadi hapo habari hii ingefanana na ya pwani nyingine yoyote ya dunia. Kinachoifanya Uvira kuwa tofauti ni kwamba ziwa lenyewe halikai mahali pamoja.

Tanganyika ina kina cha mita karibu 1,470, la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi, na urefu unaokaribia kilometa 670. Mito mingi inaingia, mkubwa wa kaskazini ukiwa Ruzizi unaotoka Kivu, lakini mlango wa kutokea ni mmoja: mto Lukuga, pale Kalemie. Maji mengi mengine yanapotea kwa jua tu. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa linapanda, na halishuki kwa haraka. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 aliukuta umeziba; miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi na ziwa likashuka kwa mita nyingi. Ndiyo sababu leo pale Ujiji, mahali ambapo yeye na Livingstone walikutana mwaka 1871 ni mbali na maji, wakati siku zile palikuwa jirani na ufuo.

Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962, ziwa lilipanda tena, likafika kilele mwaka 1964, karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Kisha likaanza kurudi nyuma, polepole, miaka makumi. Kila mwaka liliacha kipande cha ardhi tambarare, laini, karibu na barabara na karibu na samaki. Nani angekiacha? Watu walipima, wakapanda mihogo, wakajenga. Vita vya miaka ya 1990 na vilivyofuata vikaleta familia nyingi kutoka bondeni na milimani, zikitafuta pa kulala. Kartiye za chini za Uvira zilijaa. Vivyo hivyo Gatumba na kando zote za Bujumbura. Kizazi kizima kikazaliwa pale bila kujua kwamba kinalala juu ya ardhi iliyoazimwa.

Ziwa halikusahau. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe na mingine ilishuka kwa hasira, ikabomoa nyumba na madaraja, makumi ya watu wakafa na makumi ya maelfu wakabaki bila makao. Hayo yalikuwa maji ya milima. Lakini nyuma yake yalikuja maji ya ziwa, bila kelele, sentimita kwa sentimita, mwaka 2020, 2021, na baada ya kupumua kidogo tena kwa nguvu mwaka 2024. Mei 2024 kiwango kilikaribia kile cha 1964. Bandari ya Kalundu iliingiliwa na maji. Barabara ya Gatumba, inayounganisha Uvira na Bujumbura, ilifunikwa, na pirogi zikavusha watu mahali ambapo mabasi yalikuwa yanapita. Upande wa Burundi peke yake, zaidi ya watu laki mbili waliguswa na mvua na mafuriko ya msimu ule.

Na mabuveti? Yalizama ya kwanza. Viti vilielea. Ukuta ulioficha ziwa kwa mama wa ndagala ulisimama katikati ya mawimbi kama jino bovu. Bahati mbaya juu ya bahati mbaya, Mei hiyohiyo uvuvi ulifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa mapatano ya nchi zinazozunguka ziwa, ili samaki wapate kuzaa. Wavuvi wengi hawakupinga sababu. Walipinga kukaa miezi mitatu bila kitu cha kuwapa watoto, wakati nyumba nazo ziko ndani ya maji.

Karatasi haizami

Sasa ziwa lina tabia yake ya kila mwaka: linapanda mpaka mwezi wa tano, linashuka wakati wa kiangazi. Mwaka mmoja linashuka zaidi, mwaka mwingine linarudi. Lakini siku moja litarudi nyuma kwa muda mrefu, kama lilivyofanya baada ya 1964. Ardhi itatoka tena, imesafishwa, bila nyumba. Hapo ndipo kesi kubwa ilipo, na inashangaza kuona ni watu wachache gani wanaizungumzia mapema.

Sheria ya ardhi ya Kongo, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo wote ni mali ya Serikali, haiuzwi. Raia anapewa konsesio, yaani ruhusa ya kuutumia. Mwenyeji anaweza kupata ya kudumu, mgeni anapata ya miaka 25 inayoweza kurudiwa. Na mali ya matumizi ya umma, kama ziwa lenyewe, haiwezi kupewa mtu binafsi mpaka kwanza itolewe rasmi kutoka katika matumizi hayo. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inarudia kwamba maji ni ya wote.

Ni maneno mazuri. Lakini mambo ya parsele hayatembei kwa maneno mazuri, yanatembea kwa karatasi. Mnyororo unajulikana: karatasi ya shefu wa kartiye, kisha urbanismo, kisha kadastri, kisha konservateri anayetoa sertifika ya kuandikisha. Na sertifika hiyo ina nguvu moja ambayo wakaaji wengi hawaijui: miaka miwili ikipita bila mtu kuipinga mahakamani, kuitikisa inakuwa vigumu sana. Miaka miwili! Familia iliyohamishwa na mafuriko, inayolala kwa shangazi Sange au Luberizi, inaweza kumaliza miaka miwili bila hata kukanyaga pale parsele yake ilipokuwa.

Sasa fikiria watu watatu wanaodai kipande kimoja cha matope. Wa kwanza ana sertifika iliyopatikana kabla ya maji kupanda. Ardhi yake ilizama, karatasi haikuzama, iko kwenye sanduku. Wa pili alikuwa na karatasi ya shefu tu, na ile karatasi ilichukuliwa na maji pamoja na kitanda. Wa tatu ni mama wa ndagala, ambaye hakuwahi kuwa na karatasi kwa sababu alichokuwa nacho hakikuwa parsele. Alikuwa na nafasi tu. Mbele ya ofisi, wa kwanza anasikilizwa, wa pili anaambiwa alete mashahidi, wa tatu hajui hata aombe nini.

Halafu kuna wa nne, ambaye hayuko kwenye foleni. Ni mwenye pesa ya kungoja. Huyo anaweza kwenda leo kwa yule wa pili, aliyechoka, mwenye watoto bila shule, akamwambia: niuzie parsele yako. Ipi? Ile iliyo chini ya maji. Bei ni ndogo, kwa kuwa nani ananunua maji? Yule anauza na anashukuru. Miaka mitano au kumi baadaye ziwa likitoka, mtu mmoja anaweza kujikuta na mita mia mbili za ufuo kwa mkupuo, na makaratasi yote yamenyooka. Hakuna wizi hapo ambao polisi angeandika. Ndiyo maana biashara ya namna hii ni ngumu kuzuia kuliko unyang'anyi.

Bujumbura na Zanzibar zilipita njia hiyo

Jirani Burundi alijaribu kuweka mpaka. Sheria yake ya maji ya mwaka 2012 inasema mita 150 kutoka Tanganyika zisijengwe. Lakini wakati sheria inatoka, hoteli, nyumba za starehe na za wakubwa zilikuwa zimekwisha kusimama ndani ya hizo mita, na nyingine ziliendelea kuinuka. Maofisa walikuwa wanajua, waliopita barabarani walikuwa wanaona. Mwishowe ziwa ndilo lililofanya kazi ya kubomoa, na halikuchagua: lilianza na nyumba za matofali ya udongo za Gatumba na kufika kwenye kuta za marumaru za Kibenga. Tofauti ilikuja baadaye. Mwenye ukuta wa marumaru alikuwa na nyumba nyingine.

Zanzibar inafundisha jambo lingine. Kule Paje na Jambiani, mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake walianza kulima mwani kwenye maji mafupi ya pwani: wanapigilia vijiti, wanafunga kamba, wanavuna maji yakitoka. Pesa haikuwa nyingi, lakini ilikuwa yao wenyewe, na kwa wengi ilikuwa ya kwanza maishani. Hoteli zikafuata ufuo uleule. Wakaja watalii wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, na vijiti vya mwani vikawa «hatari» kwa mchezo. Mwaka 2023 visiwa vile vilipokea wageni zaidi ya laki sita. Kazi zilipatikana, barabara zikajengwa, hilo halibishwi. Lakini mama wa mwani na mama wa ndagala wangekaa pamoja wangeelewana bila mkalimani: kila mmoja alikuwa na kazi mahali ambapo mgeni aliona uzuri tu.

Hata Jamaika, kisiwa ambacho dunia nzima inakijua kwa plaji, sheria ya mwaka 1956 iliuweka ufuo mikononi mwa Serikali bila kumpa raia haki wazi ya kuufikia, na mpaka leo wenyeji wanapelekana mahakamani kwa ajili ya njia za kwenda kuoga.

Lakini kuna tofauti moja ambayo wanaoota «Uvira ya watalii» wanaisahau. Mgeni wa Paje anashuka ndege kutoka Italia. Mgeni wa Uvira anashuka pikipiki kutoka Sange. Ndege hazitakuja kesho, kwa hali ya usalama ilivyo. Kwa hiyo mteja wa kweli wa ufuo huu, mteja anayelipa leo, ni mwalimu, motari, muuza nyanya, fiancé na fiancée wanaotaka picha ya harusi, kwaya iliyochanga franka. Ukijenga ukuta na kuweka bei ya dola kwa kumngoja Mwitaliano, unamfukuza yule aliyekuwa anakuja kila Jumapili, na Mwitaliano naye hajafika.

Bonde lina sehemu yake

Wengine mu Luberizi watasema mambo ya ufuo ni ya watu wa ziwa. Si kweli hata kidogo. Nyanya, mchele, sombe na mbuzi zinazoliwa kwenye meza za Uvira zinatoka sana bondeni. Buveti zikizama, lori la nyanya linarudi na nyanya zimeoza. Vijana wanaobeba sahani kule ni watoto wa huku. Na maji yanapopanda, familia zinazokimbia zinapanda njia ileile, zinakuja kulala kwa ndugu, zinatafuta shamba la kukodi, na bei ya kukodi inapanda kwa kila mtu. Mji wa chini ukijengwa vibaya tena, bonde ndilo litakalopokea wahamaji tena.

Kuna pia jambo la milima. Matope yanayoziba mito ya Uvira yanashuka kutoka miteremko iliyokatwa miti kwa makala na mashamba, na makala hayo ndiyo yanayochoma mukeke wa Jumapili.

Kazi tatu zinaweza kuanza kabla ziwa halijashuka, na hakuna hata moja inayohitaji mfadhili. Ya kwanza ni kuandika, kartiye kwa kartiye, nani alikuwa anakaa wapi kabla ya 2020, wakati mashahidi bado wako hai na majirani bado wanakumbukana. Machefu wa kartiye wanaweza kuanza na daftari la shule. Ya pili ni kutaja sehemu za kutua pirogi, za kuanika na za kuchota, kwa jina na kwa mita, na kuziingiza kadastri kama mali ya umma, ili siku mtu akileta ombi ofisini akute pameandikwa tayari. Ya tatu ni alama ya maji. Kituo cha utafiti wa maji cha Uvira, CRH, kimekuwepo kando ya ziwa tangu enzi za Wabelgiji. Mahali maji yalipofika Mei 2024 panaweza kupigwa rangi kwenye kuta za shule, makanisa na nguzo, ili mnunuzi wa parsele asimame pale, aangalie juu, aone mstari uko wapi kuhusu kichwa chake.

Wenye mabuveti hawapotezi kwa hilo. Viti vya kubeba vinahama na maji, na ukuta ukizama fedha yake inazama nao. Anayefungua saa nne asubuhi anaweza kabisa kuacha mchanga kwa ndagala mpaka saa hiyo, na wapo wateja wanaopenda kununua samaki mkavu wa kupeleka nyumbani. Ni mapatano ya kuongea kati ya mwenye buveti, komite ya wavuvi na bamama, chini ya mwembe, na karatasi ya kutia sahihi.

Mvua zinarudi Septemba. Mpaka Mei ijayo ziwa litapanda tena, kidogo au sana, na wale wanaopigilia vigingi kwenye matope wakati wa kiangazi wanajua hesabu hiyo kuliko wanavyoonyesha.